Mlioacha kazi za watu mkaingia sanaa kikwelikweli, asubuhi mnaamshwa na nini?

Msanifu_Tudor
Salaam wanajamvi. Nauliza walio kwenye kazi za ubunifu hapa Mombasa, uwe mchoraji, mpiga picha, mtunzi, fundi wa nguo, yeyote asiye na bosi. Nlikuwa karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, saa mbili mpaka saa kumi na moja, Jumamosi nusu siku, na usiku ndo nachora nembo za watu na mabango ya maduka. Wakati ule nikirudi nimechoka vipi nikishafungua laptopu usingizi siusikii, mara adhana ya alfajiri hiyo. Nikasema siku nikiacha hii kazi watanitambua. Sasa nimeacha, siku nzima ni yangu, na wallahi ile hamu siioni. Nakaa mezani saa tatu, nafungua faili, nabadilisha rangi ya herufi narudisha ilivyokuwa, simu, chai, simu, mara adhuhuri. Kazi naimaliza usiku wa kuamkia siku ya mteja. Na wateja ninao, si kwamba sina. Kuna mtu kaniambia nijilazimishe siku 21 mfululizo tabia itakaa yenyewe. Ni kweli hiyo? Nyinyi mwafanyaje, ama ni mapenzi ya kazi tu na yangu yameisha?

Kijana_Likoni
Chukua deni. Utaamka.

BintiKuze
@Kijana_Likoni wewe hata mtu akiuliza dawa ya mafua utamwambia achukue deni.

@Msanifu_Tudor pole kaka. Mimi napaka hina na piko, na mwamshaji wangu ni bibi harusi. Nikiambiwa Alhamisi jioni mikono mpaka kwenye kiwiko na miguu mpaka gotini, basi Jumatano usiku hina ishakorogwa, maana hina ya unga ukiikoroga saa ile ile haishiki rangi. Nachekecha unga, nakamua ndimu, matone ya mafuta ya mkaratusi, sukari kidogo isije ikapukutika ikikauka, nafunika naiacha ilale. Asubuhi natia kwenye koni napiga mstari kwenye kiganja changu mwenyewe, ukitoka umekatikakatika najua kuna chenga, nairudisha naichuja kwa soksi ya nailoni. Mtu ana hayo yote mkononi saa ngapi atakaa aulize hamu iko wapi? Kazi yako wewe yote iko kichwani, haina maandalizi ya mkono, ndo maana unazunguka pale pale.

Mwalimu_Kisauni
Hizo siku 21 ziacheni. Zimetoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura kule Marekani, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua siku 21 hivi, kwa uchache, kuzoea sura mpya. Watu wakachukua namba wakaacha yale maneno ya "kwa uchache", na wakasahau alikuwa azungumzia pua na si kazi. Waliopima tabia zenyewe ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, utafiti ulitoka 2009, watu 96, kila mmoja kachagua jambo dogo la kufanya kila siku, kunywa maji baada ya kula, kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni, vitu kama hivyo. Wastani ukawa siku 66 mpaka jambo lifanyike bila kujisukuma, lakini mwingine 18 na mwingine ikakadiriwa 254. Maji huwa mepesi, mazoezi mazito. Na kuna kitu humo watu hawakitaji: ukiruka siku moja hakuna kinachoharibika, kesho waendelea. Hiyo ya "mfululizo" ndo inayovunja watu, akikosa siku ya tisa yuaona kila kitu kimekwisha.

Kijana_Likoni
254?? Mwalimu hapo mtu ashatolewa vyombo nje na mwenye nyumba.

Msanifu_Tudor
Shukran mwalimu. Kumbe hata hiyo 66 ni wastani tu, mimi naweza kuwa wa 18 au wa 254 na sitajua mpaka nifike.

Mwalimu_Kisauni
Naam. Na kunywa maji si kuchora nembo. Kunywa maji hakuna kushindwa.

UmmuSwaleh
Assalaam alaykum. Mimi nashona kofia za vito, nyumbani, na watoto watatu juu yangu. Habari ya hamu siijui, najua saa. Baada ya swala ya alfajiri mpaka watoto waamke, hapo ndo pangu, hakuna anayeita mama, hakuna jua, hata feni sihitaji. Kofia ina ule upande wa kuzunguka na kile kiduara cha juu, ua lachorwa kwa penseli kwanza afu unatoboa kwa sindano nene unazungushia nyuzi kila kitundu, na vitundu ni mamia, kofia nzuri yaenda miezi. Ukisema nitashona nikipata nafasi hiyo kofia utazikwa nayo. Sasa mimi sijiulizi leo nishone au nisishone. Nikikunja mswala mkono washika kofia, basi. Mdogo wangu Msanifu tafuta kitu ambacho hukikosi kila siku ukiifunge kazi yako hapo.

Mwalimu_Kisauni
@UmmuSwaleh mamangu umesema bila kusoma jambo ambalo mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliliandikia makala mwaka 1999. Yeye asema mtu akiweka nia tupu, "nitafanya", mara nyingi haifiki, lakini akisema "likitokea hili nitafanya lile", saa ipi, wapi, baada ya nini, hutekeleza zaidi, kwa sababu uamuzi ushafanywa mapema na ile saa ikifika hakuna mjadala.

UmmuSwaleh
Alhamdulillah. Nilifunzwa na nyanyangu.

Nyali_Picha
Mimi napinga kidogo. Mnazungumza kama kazi zote zina kila siku. Mimi ni mpiga picha, harusi na mahoteli ya ufukweni. Desemba silali. Masika ikiingia, Aprili, Mei, mpaka Juni, wageni hakuna, mahoteli mengine yafunga kabisa yafanya ukarabati, harusi za ufukweni nani atafanya na ile mvua na mwani. Sasa nikijiwekea ratiba ya kila siku saa kumi na mbili niko pwani na kamera, nampiga nani? Kaa? Watu wa Pwani tangu zamani kazi zetu zaenda na kusi na kaskazi, mvuvi hajilaumu bahari ikichafuka, yuashona nyavu. Huenda Msanifu hajapoteza hamu, yuko msimu wa nyavu tu.

BintiKuze
Hapo Nyali nakupa. Mwezi wa Shaaban nyumba tatu kwa siku moja, kila mtu ataka kuoa kabla ya kufunga. Ramadhani ikiingia kimya. Mimi mwezi ule nafanya mazoezi ya maua mapya kwenye karatasi ya nailoni, napiga, nafuta, napiga. Maua yote mliyoyaona mikononi mwa maharusi baada ya Idd yalitengenezwa mwezi ambao sikulipwa hata shilingi.

Msanifu_Tudor
@Nyali_Picha asante lakini mimi kazi ipo mezani, si msimu mbaya. Ndo kinachoniumiza.

Fundi_Changamwe
Mwanangu Msanifu nimesoma zote hizi, hakuna aliyekuuliza swali la kwanza. Wafanya kazi na nani?

Mimi ni mchongaji, nimekaa Changamwe miaka mingi kwenye vibanda vya uchongaji. Kwetu yule wa kwanza akianza kugonga tezo saa moja asubuhi hakuna anayeweza kukaa kando na simu, aibu itakuua. Huyu achonga twiga, yule ana kifaru, huyu kazi yake ni msasa tu na rangi ya viatu, na mtu akipita nyuma yako akitazama kazi akanyamaza wajua mguu wa twiga umeukosea. Hii sanaa yenyewe yaja hivyo. Wakamba wa Wamunyu walifunzwa na mzee Mutisya Munge, naye aliona uchongaji kwa wenzetu wa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya kwanza, akarudi nao nyumbani, kijiji kizima kikachonga, mpaka sisi tukaja huku Mombasa na ushirika wa Changamwe upo tangu 1963. Sasa wewe ulikuwa ofisini na watu, usiku wachora, mchana wapiga nao stori. Leo uko chumbani Tudor peke yako kutoka asubuhi. Si hamu iliyoisha. Ni wenzako.

Msanifu_Tudor
Mzee wangu hapa umenishika. Sikuwa nimelitazama upande huo. Ofisini kulikuwa na jamaa mmoja kila Jumatatu aniuliza "hebu tuone ulichofanya wikendi". Hakujua lolote la usanifu lakini nilikuwa nachora nikijua ataniuliza.

Kijana_Likoni
Sasa mniskize na mimi maana mwaniona mtu wa mchezo. Natengeneza vichekesho vya video, lafudhi ya kwetu, mambo ya feri, mama wa Kiswahili na mkwe wake. Kamera nilichukua kwa mkopo, kila Ijumaa M-Pesa yatoka. Kabla ya huo mkopo nilikuwa na mipango, daftari limejaa mawazo. YouTube haikupi pesa za matangazo mpaka uwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na hizo saa 4,000 ni nyingi jamani, video ya dakika tano hata wakiitazama wote mpaka mwisho wataka watu elfu arobaini na kitu. Nilikuwa naweka moja, nasubiri wiki, naangalia namba, nakata tamaa. Mkopo ulipoingia nikaweka mbili kila wiki, ziwe nzuri ziwe mbaya, hakuna kusubiri hamu. Na zile nilizoziona mbaya ndo watu walizipenda. Kwa hivyo nikisema deni namaanisha deni.

Mwalimu_Kisauni
Nakuelewa Kijana, ila tahadhari. Mwanasaikolojia Edward Deci mwaka 1971 aliwapa wanafunzi wa chuo vipande vya kupanga maumbo, mchezo mtamu, watu waucheza bila kulazimishwa. Kundi moja akalilipa dola moja kwa kila umbo kwenye kikao cha pili. Kikao cha tatu malipo hakuna, wakiachwa peke yao wakawa hawavigusi kama mwanzo. Na 1973 Lepper, Greene na Nisbett walifanya kwa watoto wadogo wanaopenda kuchora, walioahidiwa cheti wakichora, siku za baadaye muda wao wa kuchora ulikuwa karibu nusu ya wenzao. Nawaza tatizo la Msanifu huenda ni hilo. Usiku alikuwa achora kwa raha yake, mshahara uko kwingine. Leo ile raha ndiyo kodi, ndiyo unga, ndiyo stima.

BintiKuze
Mwalimu kwa heshima, hao ni wanafunzi wa Marekani chumbani na vipande vya mchezo. Hawakudaiwa kodi ya nyumba kule Majengo. Mimi nalipwa kila nikipaka na bado nikiona mkono mweupe kidole chawasha.

Mwalimu_Kisauni
Na huo nao ni ushahidi. Hata Deci mwenyewe alisema si pesa zote, mtu akisifiwa kazi yake kwa kweli hamu yaongezeka. Wewe ukimaliza bibi harusi ageuza mkono, chumba kizima cha wanawake chapiga vigelegele. Msanifu atumiwa "OK nimeona".

Msanifu_Tudor
Wallahi hata hiyo OK yaja baada ya siku tatu.

Mtunzi_Mvita
Nimechelewa. Mimi swali langu ni nani aliwaambia lazima mtu aache kazi? Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha huko Tanganyika, tangu 1926, miaka na miaka, na mashairi yake ndo haya tunasoma leo. Huyu Msanifu alikuwa karani wa mizigo, mchana stakabadhi, usiku kalamu, kama yeye vile. Kulikuwa na Mwingereza Anthony Trollope, mtu wa posta, alikuwa na saa mbele yake maneno 250 kila robo saa, na alimlipa mtumishi wake paundi 5 zaidi kwa mwaka kazi yake amwamshe na kahawa, saa kumi na moja na nusu alfajiri awe ashakaa mezani. Riwaya zaidi ya arobaini, na posta hakuiacha mpaka ana miaka 52. Ajira si adui wa sanaa. Ajira yakupa mipaka, na ubunifu wapenda mipaka. Sisi watunzi twajua, mizani nane na vina, ndani ya ule mbano ndo neno latafutwa mpaka lipatikane. Ukiniambia tunga chochote, urefu wowote, sitatunga kitu.

Kijana_Likoni
Basi arudi bandarini?

Mtunzi_Mvita
Sikusema arudi. Nasema ajibane. Abdilatif Abdalla wa hapa hapa kwetu Mombasa alifungwa 1969 mpaka 1972 kwa ule waraka wake wa kuikosoa serikali, *Kenya: Twendapi?*, na mashairi akayaandika kwenye karatasi za choo. Sisi na mameza yetu na Wi-Fi twasema mazingira hayaturuhusu.

Nyali_Picha
Karatasi za choo si Ngũgĩ wa Thiong'o huyo?

Mtunzi_Mvita
Wote wawili. Ngũgĩ ni gereza la Kamiti, 1978, riwaya ya Kikuyu. Abdilatif ni kabla yake.

UmmuSwaleh
Lakini mwanangu Mtunzi jela si mfano wa kumpa mtu. Yule aliandika kwa sababu asingeandika angeumia zaidi. Usitake watu waumie ili watunge. Na hao wanaume wa kahawa ya alfajiri, hata huyo Mwingereza, kuna mtu alimuamsha na kahawa. Mimi nani aniletea?

BintiKuze
Sema mama! 👏

Mtunzi_Mvita
Hapo mamangu nakubali, hilo la kahawa sina jibu.

Duka_la_Rangi
Mimi napaka rangi matatu na kuandika mabango ya mkono. Nyote mwazungumza kuanza. Tatizo langu mimi ni watu wa nyumbani. Ukiwa huna ofisi wewe huna kazi. "Uko nyumbani? Hebu nenda sokoni Marikiti." "Uko nyumbani? Mchukue mtoto madrasa." Saa tano asubuhi ndo nimeshika brashi, rangi ishafunguliwa, na rangi ya mafuta ukishaifungua yaweka utando juu, huwezi kwenda ukarudi. Nilipokodi kibanda kidogo Makupa, hata meza haikuwamo, wakaanza kuniambia "ukitoka kazini pitia mkate". Kazi ni ile ile. Msanifu huenda hata mawazo yako mwenyewe hayajakuona uko kazini.

Msanifu_Tudor
Hili la Marikiti limenigusa kuliko yote, mama yangu leo kanituma nazi.

Fundi_Changamwe
Nazi nenda. Mama ni mama. Ila mwambie saa.

Nyali_Picha
Nikitoka nje ya mada kidogo, Msanifu wachukua dipoziti? Maana mtu akikulipa nusu mwanzo kile kiti utakikalia. Mimi bila nusu siandiki hata tarehe.

Msanifu_Tudor
Nachukua kwa wengine. Kuna duka moja, silitaji, nilichora nembo nikawatumia picha waione, wakanyamaza. Mwezi uliofuata naiona iko kwenye bango lao na mifuko. Tangu hapo hata kuanza kazi ya mtu naona uzito.

Kijana_Likoni
Aaah! Sasa hiyo ndo ungesema kwenye posti ya kwanza. Siku 21 zatoka wapi na hilo liko kifuani.

Mwalimu_Kisauni
Kama si wao waliokuagiza uichore, haki ni yako tangu siku ulipoichora, sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 haidai uandikishe kwanza ndipo ilindwe, na yadumu maisha yako na miaka 50 baadaye. Kuandikisha kwa bodi ya hakimiliki, KECOBO, kwasaidia kwenye ushahidi. Weka mafaili yako ya mwanzo yenye tarehe na zile jumbe ulizowatumia, usifute. Waandikie barua ya heshima kwanza na bei yake.

Nyali_Picha
Na picha ya kuonyesha mteja iwe ndogo, yenye jina lako katikati. Faili kubwa baada ya M-Pesa kuingia.

BintiKuze
Na Kijana, kwa vile wajua kila kitu cha pesa, wale wa YouTube kodi yakatwa?

Kijana_Likoni
Yakatwa asilimia 5 kwa sisi wakaazi, tangu Julai 2023. Hiyo nayo yakuamsha.

Msanifu_Tudor
Nimeanza kufikiria kuhama meza. @Duka_la_Rangi hapo Makupa pana nafasi ya mtu na laptopu moja? Kodi tutagawana, na ukiona nimekaa na simu nigongee bati.

Duka_la_Rangi
Nafasi ipo, joto lipo pia, Januari mpaka Machi utalia. Harufu ya tina ya kuyeyushia rangi je?

Msanifu_Tudor
Nitazoea.

Mtunzi_Mvita
Siku 254 😂

Mwalimu_Kisauni
Huenda 18.

Kijana_Likoni
Mimi bado ni deni. Ona hata nyinyi, mara kodi ya kugawana, mara dipoziti. Yote ni kudaiwa na mtu.

UmmuSwaleh
Kudaiwa na mtu si sawa na kungojewa na mtu, Kijana. Mimi kofia yangu kuna mzee Lamu aingoja, ashalipa zamani, sina deni la pesa. Nashona kwa vile aingoja.

Kijana_Likoni
Ashalipa na hajapata kofia, mama, hilo ndo deni lenyewe!

BintiKuze
Mmeanza.

UmmuSwaleh
@Fundi_Changamwe samahani natoka nje ya mada. Nataka kibao cha duara cha kuwambia kofia ikishatiwa wanga, hiki changu kimepasuka. Mwarobaini wafaa? Kuna mtu auza gogo hapa jirani, limekatwa juzi.

Fundi_Changamwe
Wafaa sana mama, siku hizi hata sisi twachonga huo kuliko muhuhu, muhuhu umeisha misituni. Lakini gogo la juzi usilinunue kwa kazi ya leo. Mwarobaini mbichi ukichongwa wapasuka kama hicho chako, lazima ukauke kivulini, si juani, na miisho yake upake nta au rangi maji yatoke polepole. Nina kipande kikavu hapa, niletee kipimo cha kichwa cha huyo mzee wa Lamu kwa uzi, usikadirie.